Kula Vizuri kwa Miaka Bila Kudai Ukamilifu: Mwongozo wa Jiko la Kila Siku

Mtu anayeamua Jumatatu kwamba kuanzia leo hatagusa ugali, hataweka sukari kwenye chai na hataonja chochote kilichokaangwa, kwa kawaida hufika Alhamisi akiwa na njaa na hasira, na Ijumaa mwenzake wa kazini anapoleta maandazi ya moto anakula matatu, kisha anajiambia kwamba wiki imekwisha kuharibika na ataanza upya Jumatatu ijayo. Maandazi matatu hayawezi kumharibia mtu afya. Kinachomwangusha ni masharti yasiyoacha nafasi kwa maisha ya binadamu mwenye kazi, watoto, foleni ya daladala na msiba wa jirani.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Peter Herman na mwenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wanafunzi walipewa kwanza kinywaji kizito cha maziwa na sukari, kisha wakaachiwa aiskrimu wale kadiri wapendavyo. Wasio na desturi ya kujinyima walikula aiskrimu kidogo zaidi baada ya kinywaji kile, kama ambavyo mtu angetarajia. Waliozoea kujinyima walikula nyingi zaidi kuliko wenzao wenye desturi hiyo ambao hawakupewa kinywaji chochote, kana kwamba sharti likishavunjika hakuna tena sababu ya kulilinda. Utafiti mwingine, ulioongozwa na Phillippa Lally wa University College London na kuchapishwa mwaka 2010, uliwafuatilia watu 96, kila mmoja akijenga tabia moja mpya ya kula, kunywa au kufanya mazoezi. Kwa mtu wa katikati tabia ilichukua siku 66 hadi kujiendea yenyewe, wepesi zaidi wakihitaji siku 18 na wazito zaidi wakikadiriwa kuhitaji 254, na kukosa mara moja hakukuwa na athari ya maana kwa tabia iliyokuwa ikijengeka. Ndiyo sababu mwongozo huu unatumia nguvu nyingi kwenye mlo unaorudi kila siku, na kwenye kile unachokifanya baada ya siku kuharibika.

Umeandikwa kwa jiko la Tanzania, la ugali, wali, maharage, dagaa na mboga za majani, kwa sababu ushauri mwingi unaosambaa unataja vyakula ambavyo hutavikuta gengeni na ambavyo vikipatikana dukani bei yake ni ya kuvinunua mara moja kisha kuviacha. Mwenye kisukari, hasa anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, mwenye ugonjwa wa figo, na mjamzito wazungumze kwanza na daktari au afisa lishe, maana baadhi ya mabadiliko yaliyomo humu yanahitaji kupimwa kwa hali zao.

Hatua ya kwanza: andika unachokula sasa

Chukua daftari, na kwa siku saba za kawaida andika kila unachokula na kunywa, bila kubadilisha chochote na bila kuhesabu kalori. Tumia vipimo unavyovijua, kama kikombe, upawa, kipande, fungu na kiganja, uandike pia saa na mahali. Sukari ya chai iandike kwa idadi ya vijiko, kwa kuwa ndiyo inayosahaulika kuliko vyote. Wiki yenye harusi au msiba iache, kwa sababu haielezi maisha yako.

Siku saba zikitimia, tafuta kinachojirudia. Mtu anayekunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vya sukari, anatumia vijiko tisa, sawa na gramu 36 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari ya kuongezwa, ikiwamo ile ya asali na ya juisi, isifike asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa anayehitaji kalori 2,000 ni gramu 50, na linasema ni bora zaidi ikishuka chini ya asilimia 5, yaani gramu 25 au vijiko sita vya chai. Ongeza juu ya chai hiyo soda moja ya mililita 350, ambayo kwa kawaida huwa na gramu 35 au zaidi, na kiwango cha juu kimepitwa kabla hata ya kufika kwenye chakula chenyewe. Mtu huyu hana haja ya kuiogopa keki ya harusi anayoila mara mbili kwa mwaka. Kikombe chake cha asubuhi ndicho cha kushughulikiwa, na asingelijua hilo bila kuandika.

Hatua ya pili: chagua badiliko moja na ulifunge kwenye jambo unalolifanya tayari

Daftari litakuonyesha mambo sita au saba ya kurekebisha, na kishawishi kitakuwa kuyarekebisha yote kwa pamoja. Chagua moja. Liandike kwa namna inayotaja wakati na tendo, kwa sababu azimio la "nitakula mboga zaidi" halina saa wala mahali pa kutekelezwa, ilhali "nikishabandika maji ya ugali, nachambua mchicha" lina ishara inayokuja kila jioni bila kuitwa. Jambo la zamani ndilo litakalokukumbusha lile jipya.

Ukubwa wa badiliko upimwe kwa siku yako mbaya. Jiulize kama ungeweza kulifanya ukiwa umerudi saa tatu usiku, umeme umekatika na mtoto analia. Kama jibu ni hapana, lipunguze. Kipande kimoja cha papai baada ya chakula cha mchana kinaonekana kidogo mno kwa mwenye hamasa ya wiki ya kwanza, lakini hamasa hiyo haitakuwepo wiki ya sita, na kipande cha papai kitakuwepo.

Hatua ya tatu: anza kwa kuongeza kabla ya kupunguza

Nashauri badiliko la kwanza liwe la kuongeza, kwa sababu anayeongeza haanzi safari yake kwa hasara, na kwa sababu sahani iliyojaa mboga na kunde huipunguza yenyewe nafasi ya wanga bila ugomvi. Shirika la Afya Duniani linataja angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, ambazo zinaweza kugawanywa katika sehemu tano za gramu 80. Usilete mizani mezani. Weka lengo la kuona mboga zikichukua karibu nusu ya sahani, kitoweo robo, na ugali, wali, ndizi au viazi robo iliyobaki, na kama leo mboga zimefika theluthi tu, mlo huo ni bora kuliko wa jana uliokuwa na kijiko kimoja cha mchicha pembeni ya mlima wa ugali.

Bahati yetu ni kwamba mboga za majani zimetuzunguka: mchicha, matembele, mnafu, majani ya maboga, mlenda, kisamvu. Wengi hawazipendi kwa sababu ya namna zinavyopikwa, yaani huchemshwa hadi zinapoteza rangi, kisha zinatiwa chumvi nyingi. Jaribu hivi kwa mchicha: osha kabla ya kukata, kwa kuwa ukikata kwanza sehemu ya vitamini huondoka na maji, kisha kaanga kitunguu kwenye kijiko kimoja cha mafuta hadi kilainike, tia nyanya au karoti iliyokunwa, halafu mchicha wenye majimaji yake ya kuoshewa tu, funika kwa dakika tatu hadi tano na uepue ungali kijani. Chumvi itie mwishoni, mchicha ukiwa umeshasinyaa, kwa sababu anayekadiria chumvi kwa kuangalia sufuria iliyojaa majani mabichi lazima azidishe. Kisamvu hakifuati utaratibu huu, maana majani ya muhogo yana sumu ya asili inayopungua kwa kutwangwa na kuchemshwa vizuri, kwa hiyo kipe muda wake wote.

Kuna wanaoona kwamba mboga nzuri ni ile isiyoguswa na mafuta kabisa. Hilo ni mojawapo ya masharti ya ukamilifu yanayoharibu mlo bila faida, kwa kuwa mwili huhitaji mafuta kiasi ili kufyonza viini vya vitamini A vilivyomo kwenye majani na karoti. Kijiko kimoja cha mafuta, tui jepesi au karanga zilizosagwa vinatosha kwa sufuria ya familia ndogo.

Kwa upande wa kitoweo, maharage, choroko, kunde, dengu, njugu mawe na dagaa vina heshima ndogo kuliko vinavyostahili. Madini ya chuma yaliyomo kwenye kunde na majani hufyonzwa vizuri zaidi ukikamulia ndimu au ukila chungwa pamoja na mlo, na hufyonzwa vibaya ukinywa chai au kahawa papo hapo. Sogeza chai saa moja mbele au nyuma ya chakula, hasa kwa wanawake na wasichana, ambao upungufu wa damu huwasumbua zaidi. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao huleta pia madini ya kalisi, ambayo ni machache sana kwenye mnofu wa nyama.

Matunda yafuate msimu na uyale mazima badala ya kuyafanya juisi, kwa kuwa juisi huacha nyuzinyuzi nyuma. Maembe hujaa sokoni mwishoni mwa mwaka, machungwa ya Muheza yana wakati wake, na papai na ndizi mbivu hazikosekani.

Ugali usiufukuze. Kama unatumia sembe, ambayo imeondolewa pumba na kiini pamoja na nyuzinyuzi na vitamini nyingi, changanya na dona kwa robo, halafu nusu, kadiri familia inavyozoea ladha. Dona lina mafuta ya kiini na huchacha mapema, hivyo saga kidogo kidogo. Chagua mahindi makavu yasiyo na ukungu, na jambo hili lisichukuliwe kwa wepesi, kwa sababu mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, katika mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ikiwa kwenu dona halipatikani au halipendwi, sembe pamoja na sahani nzuri ya mboga na maharage bado ni chakula kizuri.

Hatua ya nne: punguza sukari, mafuta na chumvi polepole

Ulimi hujifunza, lakini kwa wiki kadhaa. Anayetoka vijiko vitatu vya sukari hadi sifuri siku moja atainywa chai kama dawa na kuirudia sukari kabla ya mwezi kwisha. Shuka nusu kijiko, kaa hapo wiki mbili, kisha shuka tena. Tangawizi, iliki na mdalasini huifanya chai iwe na kitu cha kusema ladha ya sukari inapopungua. Ukifika kijiko kimoja ukaona hapo ndipo chai inapokupendeza, baki hapo.

Mafuta ya kupikia hayaonekani kwa sababu hayaliwi peke yake. Njia rahisi ya kuyaona ni kuandika kwa kalamu, juu ya chupa au dumu, tarehe uliyolifungua. Lita moja ikiisha ndani ya wiki kwa watu wanne, kila mmoja anakula takribani mililita 36 kwa siku, zaidi ya vijiko viwili vikubwa na karibu kalori 300, mbali na chapati au chipsi za nje. Lenga lita hiyo ifike siku ya kumi, kwa kupima na kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye chupa. Hakuna mtu mezani atakayelalamika, kwa sababu mchuzi uliopikwa kwa lita ya siku saba na ule wa lita ya siku kumi haiko mbali kwa ladha.

Chumvi kwa mtu mzima isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, na hesabu hii inajumlisha mkate, viungo vya mchuzi vya pakiti na vya vipande, samaki wa chumvi na vitafunwa. Ukitumia kiungo cha pakiti, usitie tena chumvi kabla ya kuonja. Ondoa kopo la chumvi mezani ulirudishe jikoni. Chumvi utakayobaki nayo iwe yenye madini joto.

Hatua ya tano: lipange jiko kwa ajili ya siku ya uchovu

Uamuzi mwingi mbaya wa chakula hufanywa saa mbili usiku na mtu mwenye njaa asiye na kitu kilichoiva. Loweka kilo moja ya maharage Ijumaa usiku, yamwage maji hayo asubuhi, yachemshe kwa maji mapya, na utapata zaidi ya kilo mbili zilizoiva kwa mkaa au gesi ya mara moja. Mwenye jokofu ayagawe katika vyombo vya mlo mmoja mmoja ayagandishe. Asiye na jokofu achemshe ya siku moja tu, na kwa siku nyingine aweke akiba ya vitu vinavyoiva haraka: mayai, dagaa waliochambuliwa, choroko, karanga. Nyanya, vitunguu na karoti zisiishe ndani, kwa kuwa kwa hivyo vitatu mlo wa dakika ishirini unawezekana.

Andika mlo mmoja wa dharura na uubandike ukutani jikoni. Ugali wa moto, mayai mawili yaliyovurugwa na nyanya, na kachumbari, kwa mfano, vinakamilika kabla mwenye chipsi hajageuza chipsi zake.

Hatua ya sita: kula nje na kula ugenini

Anayekula kwa mama ntilie kila mchana ana nafasi kubwa kuliko anavyodhani, kwa sababu sahani inapakuliwa mbele ya macho yake. Maneno yenyewe ni mafupi: "Shikamoo mama, leo niwekee wali kiasi, maharage ya kutosha, na mboga za majani mara mbili." Mama atajibu, "Marahaba mwanangu, na mchuzi nikuongezee?" na hapo unaweza kukubali au kuomba usimwagiwe yale mafuta ya juu. Baada ya siku chache atakupakulia hivyo bila kuulizwa. Ukikosa mboga siku hiyo, nunua chungwa mlangoni na uendelee na kazi.

Ugenini, kula ulichoandaliwa. Kukataa pilau ya mwenyeji kwa sababu ya utaratibu wako ni kumwachia yeye mzigo usio wake, na sinia la pamoja lina thamani ambayo lishe peke yake haiwezi kuipima. Anza na kachumbari na nyama, kula wali mpaka uridhike, na simama hapo. Kwa anayefunga Ramadhani, futari yenye tende, uji, magimbi au mihogo ya kuchemsha na bakuli la kunde inaweza kuandaliwa bila kila kitu kupita kwenye mafuta, na sambusa mbili pembeni haziiharibu.

Hatua ya saba: jua mapema utakalofanya ukiteleza

Utateleza, kwa hiyo amua leo nini kitafuata. Kanuni ninayoitetea ni moja: mlo unaofuata uwe wa kawaida. Usiruke kifungua kinywa ili kulipa deni la jana usiku, kwa kuwa njaa ya saa nne asubuhi ndiyo inayokupeleka kwenye chapati tatu na soda. Usijiadhibu kwa mazoezi wala usisubiri Jumatatu. Kama ulikula chipsi mayai saa tano usiku, asubuhi kunywa uji au chai yako kama kila siku, pamoja na kiazi kitamu au yai, na siku imesharudi mahali pake.

Lugha ya kujisemea nayo ina uzito. Tunaelekea kusema "nimetenda dhambi" kwa sababu ya kipande cha keki, na tukishajiita wakosaji tunatafuta adhabu au tunakata tamaa. Andika tu daftarini kilicholiwa na kilichotangulia: ulikuwa na njaa, umechoka, umegombana na mtu, au kilikuwa kitamu tu? Sababu ikijirudia mara tatu, hiyo ndiyo ya kushughulikiwa, na mara nyingi utakuta ni mlo wa mchana uliorukwa.

Kuna hali moja ambayo haifai kuchukuliwa kama kuteleza. Mtu anayejitapisha baada ya kula, anayejinyima kwa siku nzima mara kwa mara, anayekula kwa siri hadi kuumia, au anayefikiria chakula na uzito muda wote wa kuamka kwake, anahitaji msaada wa daktari na wa mtaalamu wa afya ya akili. Hayo ni maradhi yanayotibika, na kumkemea kwamba hana nidhamu kunamzidishia. Ukimwona ndugu yako hivyo, nenda naye hospitali.

Hatua ya nane: washirikishe wa nyumbani

Katika nyumba nyingi anayetoa pesa, anayekwenda sokoni na anayepika ni watu watatu tofauti, na badiliko likiamuliwa na mmoja peke yake halifiki mezani. Zungumza kwanza na anayepika, awe mke, mume, mama mkwe au dada wa kazi, na umuulize yeye nini kinawezekana, kwa sababu ndiye anayejua gesi imebaki kiasi gani na watoto wanakataa nini. Kumwambia mama mkwe kwamba chakula chake kina mafuta mengi ni kuufunga mlango. Kumwomba, "Mama, naomba nikusaidie kuchambua mboga leo tuzipike nyingi," kunaufungua. Usipike vyungu viwili, kimoja cha mwenye mpango na kingine cha wengine, kwa kuwa gharama na uchovu wake vitakushinda ndani ya mwezi. Watoto wasiambiwe juu ya kunenepa. Waonyeshwe mboga zikiliwa na wakubwa, wapewe tena na tena bila kulazimishwa, kwa sababu mtoto huhitaji kuonja kitu mara nyingi kabla hajakikubali.

Hatua ya tisa: pima kwa mwezi

Mizani ya kila asubuhi hudanganya, kwa kuwa uzito wa mtu hupanda na kushuka kilo moja au zaidi kwa sababu ya maji, chumvi ya jana na choo. Ukitaka kujipima, pima mara moja kwa wiki, saa ileile, na uangalie mwelekeo wa mwezi. Mwenye umri wa miaka 40 na kuendelea apime pia shinikizo la damu na sukari kwenye kituo cha afya, kwa sababu vipimo hivyo hueleza mambo ambayo kioo hakielezi.

Kwa tabia yenyewe, weka alama kwenye kalenda ya ukutani kila siku uliyoitekeleza. Siku 20 kati ya 30 ni kazi nzuri. Zikiwa chini ya 10, badiliko lilikuwa kubwa mno au ishara yake haikuwa imara, kwa hiyo lipunguze au lihamishie kwenye mlo mwingine badala ya kujilaumu. Badiliko la pili liongezwe pale ambapo la kwanza linafanyika hata siku usipolikumbuka. Kwa wengi hilo huchukua miezi miwili au mitatu, na aliye kwenye mwezi wa tano bila kufika hapo aendelee na lile la kwanza.